Sala ya Mama na Sala Yangu

Swali: Nimelelewa katika nyumba ya Kikristo hapa Malindi, nikabatizwa nikiwa mchanga, lakini nikifumba macho kusali nasikia sauti ya mama, si yangu. Je, ninayo imani?

Jibu: Mwanangu, soma 1 Samweli 3. Mtoto Samweli alilala hekaluni penye sanduku la Mungu, ilhali alikuwa hajamjua Bwana, na Mungu alipomwita kwa jina alimkimbilia kuhani mzee Eli mara tatu, akidhani ndiye anayemwita. Nami nilipitia huko, tena kwa machozi. Usiiache sala ya mama. Ila alfajiri moja keti peke yako ufukweni, karibu na kanisa dogo la Wareno, umwambie Mungu kwa maneno yako hata lile usiloliamini bado, kisha umsimulie mama.