Mpirani analia? Mpelekeni majini

Mama mmoja ametuandikia kwamba mwanawe wa miaka sita anaumwa tumbo kila Jumamosi kabla ya mazoezi ya mpira, na ikifika mchana tumbo limepona lenyewe. Anauliza amtafutie mchezo gani usio na presha. Dada, jibu letu ni kuogelea, ila kwa masharti, maana hata bwawani kuna watu hodari wa kuwatia watoto hofu.

Mtoto wa umri huo akiwekwa uwanjani na wenzake ishirini anaugusa mpira mara chache, akikosea wote wanamwona, na benchi linamsubiri. Majini hakuna benchi. Juzi alikataa kulowesha masikio, leo anayalowesha: hayo ndiyo maendeleo, na hayamhitaji mtu wa kumshinda. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema masomo yanaweza kuanza baada ya mwaka wa kwanza, mzazi akiwa naye majini, na kwamba kufikia miaka 4 watoto wengi wako tayari kufundishwa.

Kagueni bwawa kabla ya kulipa. Maji yamfikie mtoto kati ya kiuno na kifua, ili akitaka kusimama asimame. Simameni ukingoni upande wa kina kirefu: kifuniko cha tundu la kutolea maji kionekane wazi chini, na kiwe kimefungwa imara. Harufu kali ya dawa si dalili ya usafi. Hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mkojo. Ulizeni pia joto. Wanaoanza wanahitaji kama nyuzi 29 hadi 32. Mabwawa mengi ya Nairobi hayapashwi moto na huwa baridi, na hata Dar es Salaam asubuhi za Julai maji hupoa, hivyo chagueni saa za mchana. Mtoto anayetetemeka hajifunzi, misuli imekaza. Midomo ikibadilika rangi atoke mara moja, afungwe taulo, somo limekwisha.

Nusu saa mara mbili kwa wiki inafaa kuliko saa nzima mara moja. Kwa wasioweza kuelea, mwalimu mmoja asizidishe watoto wanne, na awe ndani ya maji pamoja nao. Mwalimu anayefundisha kwa filimbi kutoka ukingoni anafaa wakubwa.

Sasa hatua zenyewe, na hapa ndipo wengi huharibu. Ya kwanza ni pumzi. Mtoto akibana pumzi uso ukiwa majini, hewa chafu hujaa, hofu hupanda, naye huinua kichwa akihema na kupaliwa. Afundishwe kupuliza mapovu kwa mdomo, kisha kwa pua huku akiguna "mmm". Hili mnalifanya nyumbani kwa beseni, bila gharama, na mzazi ukiwa hapo muda wote. Ya pili ni kuelea chali, kichwa kikiwa begani kwa mwalimu. Masikio yakiguswa na maji, mtoto huinua kichwa; kichwa kikipanda, nyonga huzama na miguu huifuata. Msimwambie "tulia", mwambieni atazame juu na kutoa kitovu nje ya maji. Inayofuata ni kujisukuma ukutani na kuteleza kifudifudi, mikono mbele, mpaka mwendo uishe, kisha kusimama mwenyewe. Huko kusimama kunasahaulika sana: avute magoti kifuani, asukume maji chini kwa viganja, ndipo ashushe miguu. Mateke na mikono vinakuja baadaye, wala havina haraka.

Hatua ya mapovu inaweza kula wiki kadhaa, na baada ya likizo mtoto hurudi nyuma kidogo. Ni kawaida.

Yale ya "mtupe tu, atajua mwenyewe" yaacheni. Anayetupwa huvuta maji puani, na kuanzia siku hiyo anapambana na mwalimu badala ya kujifunza. Akikataa kuingia, akae ukingoni miguu ikiwa majini, awatazame wenzake, na muende nyumbani bila hotuba.

Vifaa ni vichache. Fulana ya pamba hunywa maji na kumvuta chini, kwa hiyo vazi liwe la kitambaa cha kuogelea. Ya kufunika mwili mzima yapo, na binti anayejistiri hana sababu ya kubaki ukingoni. Miwani ibandikeni machoni bila mkanda: ikinata sekunde chache, inamfaa. Maboya ya mikononi hatuyapendi hata kidogo. Yanamzoesha kukaa wima majini, wakati kuogelea ni kulala, na yanampa ujasiri wa uongo siku atakapoyavua.

Baharini ni somo jingine. Bwawa halina mkondo wala bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Mtoto aliyeiva bwawani bado anahitaji mtu mzima anayejua kuogelea awe umbali wa kunyoosha mkono, wala asiwe na simu mkononi.

Turudi kwenye presha. Haitoki kwenye maji, inaletwa na saa ya kuhesabia sekunde na mzazi anayepiga kelele ukingoni. Norwei ina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, na kwa sasa matokeo na orodha za washindi hazitangazwi mpaka mwaka ambao mtoto anafikisha miaka 11. Nchi hiyohiyo ilizoa dhahabu 16 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022, kwa hiyo wanaodai kwamba mtoto asiposhindanishwa mapema atalegea watafute hoja nyingine. Kwenye gari au daladala mkirudi, ulizeni nini kilimfurahisha, msiulize nani alikuwa wa kwanza.

Kabla ya kumwandikisha, mwulizeni mwalimu mambo mawili: mtoto anapandaje daraja, na asiyetaka kushindana anafanya nini siku ya mashindano. Kwa daraja, jibu zuri linataja anachoweza kufanya: kuelea chali sekunde kumi, kuteleza mita tatu, kusimama bila msaada. Kwa mashindano, jibu zuri ni kwamba siku hiyo ana somo lake kama kawaida, au anabaki nyumbani na nafasi yake haipotei. Mwalimu akianza kuwasimulia vikombe vilivyo kabatini, jaribuni bwawa jingine.