Muulize Papa Fundi: televisheni ya inchi 43 au ekra ya inchi 32?

*Jambo sana, Papa Fundi. Nachora ramani za jiolojia, naishi Bel-Air hapa Lubumbashi. Biro yetu ilifungwa mwaka jana, sasa nafanyia kazi nyumbani kwa wateja wenye vibali vya kutafuta madini. Natumia kompyuta ya mkononi ya inchi 15, na kabla ya saa sita mchana macho yanawasha. Nimetenga dola 450. Mjini nimeonyeshwa televisheni ya inchi 43 ya 4K kwa dola 330, na ekra ya kompyuta ya inchi 32, nayo 4K, kwa dola 420. Muuzaji anasema zote ni kitu kimoja, nichukue kubwa nibakize pesa. Mume wangu naye anaipenda televisheni, sijui ni kwa ajili ya ramani zangu au ya mpira. Nifanyeje?*
*Mama mchora ramani, Bel-Air*

Mama, jambo. Tuanze na mume wako, maana hapo nina ushahidi. Miaka saba iliyopita mimi pia niliambiwa "zote ni kitu kimoja". Nikaifikisha televisheni ya inchi 43 nyumbani Kamalondo, nikaisimamisha juu ya meza ileile niliyochorea ramani kwa kalamu za wino na karatasi ya kalke nilipokuwa kijana. Nilifanya nayo kazi siku kumi na moja. Leo iko salo, na Mazembe ikicheza wajukuu wananiomba nisogee wapate kuona.

Siku ya kwanza nilidhani ninaumwa. Nasukuma kipanya, mshale unanifuata nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Kumbe waya wa picha na tundu lake, HDMI, kwenye kompyuta yangu vilikuwa vya kizazi cha 1.4, ambacho kwa picha ya 4K hakifiki mbali zaidi ya picha 30 kwa sekunde. Kwa filamu inatosha. Kwa mtu anayefuata mstari wa mto kona kwa kona, ni mateso. Kazi yetu inataka picha 60 kwa sekunde, na kwa 4K hizo zinaanzia HDMI 2.0, au tundu la aina nyingine, DisplayPort 1.2.

Siku ya pili nikagundua kipimio cha ramani hakipo. Nilikuwa nimekiweka chini kabisa pembeni, kama tulivyofundishwa, na televisheni ilikuwa imekuza picha kidogo na kula kingo zake zote nne. Ni tabia ya televisheni nyingi tangu zamani, na huzimwa kwenye menyu ya ukubwa wa picha. Nilihangaika nusu saa kuipata.

Lakini kilichonishinda ni wekundu. Wewe unachora mapasuko ya miamba kwa mistari myekundu, sivyo? Na mito kwa buluu. Mistari yangu myekundu ilikuwa imevimba, imeota manyoya, na majina yaliyoandikwa kwa nyekundu juu ya kijani yalikuwa hayasomeki, ilhali maandishi meusi juu ya nyeupe yalisimama vizuri tu. Sababu yake ni kwamba televisheni nyingi hubana habari za rangi. Mwangaza wa kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, zinauhifadhi, ila rangi moja inagawiwa pikseli mbili au nne za jirani. Uso wa mchezaji hauonyeshi kasoro hiyo. Mstari wenye unene wa pikseli moja unaionyesha mara moja. Zipo televisheni ambazo ukiziambia kwenye menyu kwamba tundu hilo limeunganishwa na kompyuta, zinaacha kubana. Yangu haikuacha. Ekra iliyotengenezwa kwa kompyuta haikuletei shida hiyo.

Sasa nikurudishie heshima ya muuzaji kidogo: kuhusu idadi ya pikseli hakukudanganya. Zote mbili zina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane, mara nne ya ekra ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Na kwa kazi yako hizo pikseli si anasa. Sheria yetu ya madini inakata ardhi kwa miraba ya hekta 84.955, na kibali kikubwa kabisa cha utafutaji ni miraba 471, kama kilomita za mraba 400. Chukua kibali cha namna hiyo chenye umbo la karibu mraba: kila upande ni kilomita 20 hivi. Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2, ambazo nina hakika unazo kwenye kompyuta, zina nukta moja kwa kila mita 10. Kwa hiyo kibali chako kina nukta 2000 kutoka juu hadi chini. Ekra ya kawaida ina mistari 1080 tu, basi ukitaka kuona kibali kizima inakutupia nusu ya nukta kila upande, na njia ndogo ya laterite, ule udongo mwekundu, inapotea. Ekra ya 4K ina mistari 2160. Ondoa mikanda ya vifaa vya programu, kibali chote kinaingia karibu nukta kwa nukta. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Sisi kizazi cha kalke tulikuwa tunaviringisha karatasi ya A0 sakafuni na kupiga magoti kuizunguka.

Ambacho muuzaji hakukuambia ni kwamba pikseli zilezile zikitandazwa kwenye inchi 43 zinakuwa nene. Hesabu ni rahisi: televisheni ile ni sawasawa na ekra nne za inchi 21.5 za kawaida zilizogandishwa pamoja. Unapata nafasi kubwa, ulaini haupati. Pikseli yake moja ina karibu robo ya milimita, na jicho zima linaacha kuitenganisha ukiwa umekaa sentimita 85 hivi kutoka kwenye kioo. Kwenye inchi 32 pikseli ni milimita 0.18, na umbali huo unashuka hadi sentimita 63, yaani pale mkono wako unapofika ukiunyosha. Pima meza yako kabla ya kupima bei. Meza nyingi za nyumbani ninazoziona zina kina cha sentimita 60. Ukiweka televisheni ya inchi 43 juu yake utakuwa umeisogelea kama mtu anayesoma ukuta.

Na kama umeshavaa miwani ya sehemu mbili kama mimi, jihadhari zaidi. Kioo cha inchi 43 kina kimo cha sentimita 54. Ili kuona sehemu ya juu kupitia kipande cha chini cha miwani unainua kidevu, unainua kidevu, na jioni shingo inakuuliza ulikuwa unatafuta nini mbinguni. Ile ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40: karibu karatasi ya A2 iliyolazwa, imepungua kimo kidogo, na pembeni panabaki mahali pa orodha ya tabaka zako.

Kwa hiyo nunua ya inchi 32, mama. Dola 30 zinazobaki usiziguse, nitazihitaji hapo chini.

Kabla ya kutoa pesa, nenda dukani na kompyuta yako ileile. Muuzaji akikataa usiichomeke, nenda duka la pili. Ukiichomeka, fungua mipangilio ya ekra na usome kwa macho yako: 3840 kwa 2160, na hezi 60, yaani zile picha 60 kwa sekunde. Ikikuonyesha 30, badilisha waya kwanza, kisha jaribu tundu lingine. Kompyuta nyingi za siku hizi zina tundu dogo la duaradufu, USB-C, lakini si kila tundu la umbo hilo linatoa picha. Mengine ni ya kuchaji na mafaili tu. Kulichomeka ndiyo njia ya kujua. Kama ekra inakubali USB-C na kompyuta yako pia, waya mmoja utapeleka picha na kuleta chaji, na meza itapumua.

Herufi za menyu zitakuwa ndogo mno mwanzoni, usishtuke wala usishushe pikseli. Wenye haraka hushusha hadi 1920, kisha wanalalamika kwamba 4K ni uongo. Pandisha ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150. Menyu zinakua, ramani inabaki na nukta zake. Programu chache za zamani sana hazitatii, utazivumilia.

Uliza aina ya kioo: IPS ndiyo nzuri kwako, maana rangi hazigeuki unapomwinamia mteja aliyekaa pembeni. VA ina weusi mzito zaidi na inafaa filamu. OLED ni tamu kwa macho, lakini mikanda ya vifaa inayokaa palepale saa nane kwa siku, mwaka hadi mwaka, inaweza kuacha kivuli kisichofutika. Na uso wa kioo usiwe unaong'aa. Nyumba za Bel-Air zina madirisha makubwa, na jua la Oktoba unalijua.

Sasa zile dola 30. Ongeza kidogo upate onduleri ndogo, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ekra ya inchi 32 hula wati 35 hadi 60, kulingana na mwangaza uliouweka, kwa hiyo hata onduleri ya VA 650 (hapa VA ni kipimo cha nguvu, si aina ya kioo) itakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Kompyuta ya mkononi ina betri yake, haihitaji msaada. Lengo ni kuilinda ekra umeme unaporudi kwa kishindo, kwa sababu kuondoka kwake hakuumizi kama kurudi kwake. Masika yakianza mnamo Novemba, ukisikia radi inakaribia chomoa waya wa umeme na ule wa picha pia. Nimefungua ekra iliyounguzwa kupitia waya wa picha. Mwenyewe alikuwa ameapa kwamba aliichomoa kwenye prizi.

Kama imepitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huenda ikaja na fishi ya miguu mitatu bapa. Usikate waya. Chomoa mgongoni mwa ekra, weka waya wa fishi yetu ya miguu ya duara. Na nyumbani ipelekwe kwa gari, imesimama kama ilivyo kwenye boksi. Ukiilaza na kuwekea mfuko wa unga juu, utaufikisha unga.

*Papa, mimi ni kijana wa Katuba, natengeneza mialiko ya harusi. Nimenunua ekra mpya. Nyekundu inawaka vizuri sana, lakini kwenye karatasi inatoka kama nyanya iliyopikwa mara mbili. Ni printa au ekra?*

Mwanangu, zaidi ni ekra, na kidogo ni wino. Ekra zinatoka kiwandani zikiwa zimewashwa kwa nguvu ili zishinde jirani zake dukani. Karatasi haina taa ndani yake. Punguza mwangaza, kwanza hadi theluthi moja, halafu shika karatasi nyeupe pembeni ya ekra, mchana, karibu na dirisha. Endelea kupunguza mpaka weupe wa ekra na weupe wa karatasi vifanane. Kisha tafuta kwenye menyu sehemu ya rangi, uchague sRGB, kipimo cha rangi cha tangu 1996 ambacho programu nyingi bado zinakitegemea. Ekra yako inaweza kutoa rangi pana kuliko hizo, na programu isiyojua inazimwaga zote. Ukishamaliza utaiona ekra imefifia na utajuta kuinunua. Subiri siku tatu. Kuna nyekundu ambayo wino hauwezi kabisa kuitoa. Hiyo mwonyeshe bibi harusi kwenye karatasi ya majaribio kabla hajalipa, siyo kwenye ekra.

*Fundi, kaka yangu yuko Afrika Kusini, ataniletea ekra pana ya inchi 34 iliyopinda. Mimi nachora plani za nyumba. Nikubali? Msomaji wa Likasi.*

Ya bure? Kubali. Kama unachangia pesa, mwambie alete bapa. Nyingi za inchi 34 zina 3440 kwa 1440, pikseli chini ya milioni tano, na kimo ni kama cha ekra ya inchi 27. Halafu kuna ukuta ulionyooka unaouona umepinda: mchana kutwa utakuwa unajiuliza kama ni plani au ni kioo. Mteja wangu mmoja anayo ekra kama hiyo. Amebandika uzi mweusi ukingoni mwa juu wa kioo, kutoka kona hadi kona, na kila mara kabla ya kutuma plani namwona anauangalia.