Impakti ya betri kwa gari la nyumbani: usikimbilie ile kubwa

Mkuu, umeuliza uchukue impakti gani ya betri (mashine ya kufungulia nati na bolti kwa mapigo) kwa kazi zako za nyumbani (tairi, breki, shokapu, bushi za mbele), na naona macho yako yameshatua kwenye ile kubwa kabisa "ili nati yoyote isinisumbue". Mimi nilianza hivyo hivyo. Ile kubwa niliinunua, ninayo mpaka leo, na kwa mwaka mzima inatoka kwenye sanduku lake mara mbili, ikizidi sana mara tatu.

Siku ya kwanza niliiweka kwenye nati za tairi, zikatoka zote tano kabla sijamaliza kufurahi. Nikahamia kwenye breki. Bolti mbili zinazoshika breketi ya kalipa (kile kinachobana pedi za breki kwenye diski) zinakaa kwa ndani, nyuma ya diski, na kati ya kichwa cha bolti na shokapu kuna nafasi ndogo tu. Mashine yenyewe ndefu, ongeza soketi, ongeza betri inayoning'inia chini: haikuingia. Nikakata usukani mpaka mwisho, ikaingia, lakini imekaa mshazari na soketi haijashika kichwa chote. Hapo ndipo bolti huliwa kichwa. Nikaiweka pembeni, nikachukua mpini mrefu na soketi ya milimita 17, nikasukuma kwa mguu kama zamani. Jioni ile ile nikalala chini ya gari kufungua mkono wa chini wa wili la mbele. Kilo tatu na ushei juu ya uso wako, umeshika kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine unazuia nati upande wa pili isizunguke. Dakika mbili tu bega linaomba msamaha.

Kwa hiyo jibu langu: volti 18, mdomo (pale soketi inapochomekwa) wa nusu inchi, mota isiyo na brashi, daraja la kati. Nguvu ya kufungulia ikiwa kati ya Nm 400 na 700 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) inakutosha, na kichwa kiwe kifupi, milimita 150 hivi kutoka nyuma ya mota mpaka ncha ya mdomo. Ukipata mbili zinazokaribiana nguvu, chukua fupi. Milimita 30 utaziona si kitu ukiwa dukani. Ukiwa ndani ya fenda utazitafuta kwa tochi.

Sasa hizo nambari. Ndani ya kichwa cha impakti kuna nyundo na fuawe. Mota inazungusha nyundo, nati ikigoma nyundo inarudi nyuma ikibana springi, halafu springi inaiachia inapiga fuawe kwa kishindo. Hilo linajirudia zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kila pigo ni fupi mno, ndiyo maana mkono wako hausokotwi kama ungetumia drili, na ndiyo maana nati yenye kutu inakubali: ule mtikisiko unavunja kutu kwenye uzi wa bolti kabla hata nguvu haijafika mwisho. Lakini maana yake pia ni kwamba nambari iliyoandikwa haipo pale muda wote kama maji kwenye ndoo. Inategemea betri ilivyojaa, soketi ilivyo, na mashine imepiga kwa sekunde ngapi.

Tena nambari zenyewe ziko mbili. Kuna nguvu ya kukazia na kuna nguvu ya kufungulia, na tangazo hukuwekea ile kubwa. Chukua Makita DTW300 kama mfano: kukazia ni Nm 330, kufungulia ni Nm 580. Mashine ni moja. Ukilinganisha 580 ya hii na nambari ya kukazia ya nyingine, umelinganisha vitu viwili tofauti. Na wengine wanaandika kwa pauni-futi. Zidisha kwa 1.356 upate Nm kabla hujaamua nani kamshinda nani.

Weka hizo pembeni ya kile ambacho gari linahitaji. Nati za tairi kwenye Toyota ndogo nyingi zinakazwa Nm 103. Bolti za breketi ya kalipa ziko karibu na hapo hapo kwa magari mengi madogo. Zile ndogo za pini za kalipa ni Nm 30 hivi, hata usiziguse na impakti, racheti inatosha. Nati ya draivishafti inaweza kupita Nm 200. Kutu na miaka vinaongeza, wakati mwingine mara mbili au zaidi, lakini bado uko ndani ya uwezo wa mashine ya kati. Kinachoizidi ni vitu vichache sana, na mbabe wao ni bolti ya puli ya krenki kwenye Honda nyingi za zamani. Hiyo ndiyo inayonitolea ile kubwa sandukuni.

Na hata hiyo si suala la ukubwa peke yake. Mara ya kwanza niliipiga na ile kubwa kwa kupitia ekstensheni ndefu (fimbo ya kurefushia soketi), kwa sababu bolti iko ndani nyuma ya fenda. Ikapiga nusu dakika, hakuna kitu. Ekstensheni ndefu na nyembamba inajisokota kidogo kila pigo likija, kama springi, inalimeza, na kinachofika kwenye bolti ni mabaki. Fundi mmoja mzee akanipa soketi ya 19 ambayo ni nene kama kopo, nzito isivyo kawaida. Uzito ule unabeba pigo na kulitua lote kwenye bolti. Nikaondoa ekstensheni yangu, nikaweka yake fupi nene na ile soketi, ikatoka kwa sekunde nne. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema impakti yake haina nguvu, swali langu la kwanza ni ameweka nini kati ya mdomo na nati.

Hapo tumefika kwenye soketi, ambazo watu hununua mwisho kwa chenji iliyobaki. Usitumie zile za kung'aa. Zile ni za mkono, chuma chake ni kigumu na ukuta wake mwembamba, zikipigwa zinapasuka. Yangu ilipasuka kwenye nati ya tairi, ya 21, kipande kikagonga fenda na kuacha alama ambayo bado ipo. Kingeelekea upande mwingine ningekuwa naandika haya kwa jicho moja. Nunua nyeusi, za impakti, zenye pembe sita. Pembe kumi na mbili ni rahisi kuingiza lakini zinashika pembeni mwa kona na kuviringa vichwa. Kwa kuanzia seti ya 10 mpaka 24 inakutosha, ila hakikisha 17, 19 na 21 ni zile ndefu, na kama rimu zako ni za aloi tafuta zenye ganda la plastiki nje zisikwaruze.

Kuhusu betri sitazunguka. Unanunua familia ya betri, mashine inakuja juu yake. Kama tayari una drili au grinda ya volti 18, anza na kampuni hiyo hiyo hata kama impakti yao si ya kwanza kwa nguvu. Usidanganyike na "volti 20": ni seli zile zile tano. Zikiwa zimejaa kabisa kila moja ina volti 4 na kidogo, kwa hiyo wengine wanahesabu 20. Zikiwa kazini wastani ni 3.6, mara tano ni 18. DeWalt wanauza mashine za jamii moja zikiitwa 20 Marekani na 18 kwingine.

Ukubwa wa betri ndio wenye maana kuliko watu wanavyodhani. Betri ya Ah 2 (ampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba) kwa kawaida ina seli tano, ya Ah 5 mara nyingi ina kumi, kila mbili zikisaidiana. Impakti inavuta umeme kwa pupa pale nati inapogoma, na betri ndogo inalegea volti wakati ule ule unaouhitaji. Nimeliona kwa macho: nati ya draivishafti, mashine ya kati, betri ya Ah 2 iliyojaa, imepiga mpaka nikaanza kutafuta mpini mrefu. Nikabadilisha betri tu, nikaweka Ah 5, ikatoka. Kwa hiyo kifurushi chenye betri mbili ndogo kisikuvutie kuliko chenye moja kubwa. Ubaya wake ni uzito, na ndiyo sababu nyingine ya kutotaka mashine kubwa.

Mdomo wa inchi tatu kwa nane (3/8) nao una nafasi yake, hasa zile ndogo za volti 12. Kwa bolti za chini ya injini, bampa, bolti za 10 na 12, ni raha. Kama una hela ya mashine moja, nusu inchi. Ya pili ikija, iwe hiyo ndogo. Ila ile ya skrubu yenye mdomo wa pembe sita wa robo inchi, ambayo wengine wanaiwekea adapta ya soketi, ni ya mbao na mabati. Adapta inakatika shingo.

Vikorombwezo vingine: hali ya kufungua inayojisimamisha nati ikishalegea ni nzuri kweli, inazuia nati isirukie uvunguni. Kidole cha kasi kiwe laini, uweze kuanza polepole. Pete ya kushikia soketi ni bora kuliko kile kipini cha chuma, maana kipini kinahitaji kitu chembamba kukibonyeza kila unapobadili soketi, na siku zote kitu hicho hakipo. Taa usiihangaikie, karibu mashine zote zinayo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Impakti ni ya kufungulia. Nilikaza nati za tairi na ile kubwa kwa miezi kadhaa, nikijisifia uharaka. Usiku mmoja tairi likapata pancha njiani. Wili spana ya gari ile fupi, mimi juu yake nimesimama kwa miguu miwili, nati nne zikatoka kwa kelele za kutisha na ya tano ikakata boliti ya haba (kitovu ambacho wili linafungwa). Nilifika nyumbani kwa nati nne, mwendo wa harusi. Nilipofungua nikakuta boliti nyingine mbili uzi umevutika, zimekuwa nyembamba katikati. Hakuna wa kumlaumu hapo.

Siku hizi nati naiingiza kwa vidole mizunguko mitatu au minne kwanza. Ikikataa vidole, imeingia upande, na impakti itaiingiza hivyo hivyo kwa nguvu na kula uzi wote bila wewe kuhisi chochote. Kisha impakti kwenye kasi ya chini kabisa, iguse tu ikae, kwa kuruka nati kama unachora nyota. Nashusha gari, namalizia kwa spana ya torki (ile inayokuonyesha umekaza Nm ngapi) kwenye Nm 103 zangu. Baada ya kilomita 80 au 100 naikagua tena. Spana ya torki iingie kwenye bajeti yako sasa hivi, kabla ya mashine. Ikibidi upunguze daraja la impakti ili uipate, punguza. Plagi, nati ya kumwagia oili na chochote kinachoingia kwenye aluminiamu, hapo impakti isikaribie hata ikiwa kasi ya kwanza.

Nati yenye kutu kali usiikurupukie. Paka mafuta ya kulainisha kutu, mapema, ikiwezekana usiku wake. Kisha kaza kidogo kabla ya kufungua, pigo moja mawili, halafu geuza. Kurudi mbele na nyuma kunapasua kutu vizuri kuliko kung'ang'ania upande mmoja sekunde arobaini, ambako unachopata ni mashine ya moto na bolti iliyokatika. Masikio ziba, hasa ukiwa ndani ya banda. Kelele ya kile kichwa kwenye nafasi iliyofungwa si ya mchezo. Miwani nimeshakueleza kwa nini.

Impakti ya hewa, ya kompresa, uliyoitaja mwishoni mwa swali lako iache, labda kama kompresa kubwa unayo tayari. Mpira unakufuata kila kona ya gari na tangi dogo linaishiwa pumzi kwenye nati ya tatu.

Betri usiiache kwenye buti la gari juani. Ukijua hutaitumia mwezi, iache ikiwa nusu, si imejaa wala si tupu, mahali penye ubaridi. Yangu ya kwanza ilikaa buti msimu mzima wa joto, sasa hivi taa inaonyesha imejaa na inafungua nati sita.