Kiungo cha pilau, kiungo wa mpira: mwambie mwanao acheki upatanisho

Dada, huyo mwanao wa la sita kuchanganywa na "kiungo" hana kosa kabisa, neno lina kazi nyingi mno. Shina ni kuunga, basi. Goti linaunga mifupa, ndo maana bibi anaumwa viungo, ila kwenye sayansi hata ini na figo ni viungo, hapo ndo wengi wanateleza. Jikoni ni iliki, mdalasini, karafuu. Mtandaoni ni ile linki ya kubonyeza.

Sasa mwambie acheki upatanisho, yaani kitenzi kinavyofuata nomino yake, kiungo wa mpira, yule mchezaji wa katikati, ni mtu, kwa hiyo "kiungo mkabaji ameumia", lakini "kiungo kimeisha" ni cha pilau, mpe sentensi kama hizo atunge mwenyewe, ataelewa haraka sana.