Umelipa deni la zamani, lakini je, limefungwa?

Ujumbe ulionifanya niandike leo umetoka Moshi, kwa dada anayeuza mitumba soko la Memorial. Alilipa deni lake la miaka minne, akaenda kuomba mkopo benki nyingine, akanyimwa. Aliambiwa bado ana mkopo chechefu. Ni deni lile lile alilokwisha lipa! Nimeumia kwa niaba yake, maana kosa hili linazuilika.

Kulipa ni jambo moja, akaunti ya mkopo kufungwa ni jambo jingine. Mkopo ukipitisha siku 90 bila rejesho huhesabiwa kuwa chechefu, na mkopeshaji mwenye leseni hupeleka taarifa hiyo kwenye kanzidata ya Benki Kuu, ambako taasisi za taarifa za mikopo kama Creditinfo huipata. Afisa mikopo wa benki mpya hasomi risiti yako, anasoma ripoti ya mikopo yako inayotoka kwenye taasisi hizo. Na ukisikia mkopo wako "umefutwa", usishangilie: kuufuta vitabuni si kukusamehe. Bado unadaiwa.

Kabla hujatoa hata shilingi, omba taarifa ya mkopo inayotenganisha deni la msingi, riba na adhabu. Kagua jina, herufi kwa herufi. Massawe mwenye "s" moja anaweza kuonekana mtu mwingine kabisa. Mikopo mingi ya zamani ilifunguliwa kwa kadi ya mpiga kura au leseni ya udereva, kwa hiyo waombe waingize namba yako ya NIDA sasa, deni likiwa bado wazi. Likishafungwa, hakuna atakayekuwa na haraka na faili lako.

Kisha jadili punguzo. Tuseme deni la msingi ni 1,200,000, riba 480,000, adhabu 310,000, jumla 1,990,000. Meneja anakuambia kwa mdomo, "leta 1,350,000 tumalize". Ukilipa bila barua, mfumo haujui mazungumzo yenu. Kwa kawaida unakata adhabu kwanza, halafu riba: 790,000 zimekwenda. Zinabaki 560,000 za kupunguza deni la msingi, na wewe unaendelea kudaiwa 640,000 zinazozaa riba upya. Meneja akihamishwa, huna shahidi. Barua ya makubaliano itaje kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa, na kwamba kinachobaki kimesamehewa. Iwe na sahihi na muhuri. Wa huku kwetu Kilimanjaro, anzeni mazungumzo hayo Novemba. Desemba fedha yote inapanda mlimani na ndugu wanaorudi kwa sikukuu, na Januari ada ya shule inadai.

Lipa kwenye akaunti ya mkopo yenyewe. Usitume kwenye simu ya afisa, hata kama ni mtoto wa jirani.

Sasa penye mtego mkubwa kuliko yote. Unachukua taarifa Jumatatu, unalipa Alhamisi. Riba ya siku tatu imeingia. Umelipa kila kitu isipokuwa shilingi 4,300, na hizo 4,300 zinatosha kuiacha akaunti wazi, siku za kuchelewa zikiendelea kuhesabiwa pale zilipoishia. Mteja hajui, na hakuna anayempigia simu kwa kiasi kidogo hivyo. Ndiyo maana salio la kufungia linaombwa siku ile ile ya kulipa, na huondoki dirishani kabla hujaonyeshwa sifuri.

Omba barua ya kumaliza deni yenye namba ya mkopo, tarehe na salio sifuri. Kama uliweka hati ya kiwanja, barua peke yake haitoshi: rehani iondolewe kwa Msajili wa Hati, la sivyo kiwanja kinabaki kimeshikiliwa. Mdhamini wako naye mpe nakala; huenda jina lake lilichafuka pamoja na lako.

Subiri mwezi mmoja hivi, kisha omba ripoti yako kwa taasisi ya taarifa za mikopo. Historia ya kuchelewa haifutiki siku hiyo, lakini mkopo lazima usomeke umefungwa. Ukisomeka wazi, andika malalamiko kwa mkopeshaji kwanza na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na tawi lake lipo Arusha mjini.

Wale wakopeshaji wa kausha damu wasio na leseni hawapeleki taarifa popote. Ukiwalipa unapata amani, lakini ripoti haitengenezeki.

Dada wa Memorial, rudi kwa aliyekukopesha, ila usiende na risiti peke yake. Waombe waitazame akaunti yako ya mkopo kwenye mfumo ukiwa umekaa hapo hapo, wakusomee salio. Likiwa la elfu chache, lilipe dakika hiyo, chukua barua, na waombe wapeleke marekebisho ya taarifa yako wakitumia namba ya NIDA.