Muulize Fundi: Vakyumu ya babu inatoa cheche na harufu, mota imekufa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi vakyumu ya babu, ile ya bati ya kulala chini, kwenye kibao chake imeandikwa 220-240V wati 450, nadhani ni ya miaka ya 1950 hivi. Imekaa stoo mda mrefu sana. Nilivoichomeka ikazunguka kidogo tu huku inalia kama inasaga mchanga, ikaanza kunuka kuungua na nikaona cheche za bluu kwenye matundu ya nyuma, nikachomoa. Fundi mmoja kaniambia mota imekufa, isukwe upya au niitupe. Ni kweli? Na kama naweza kuisafisha mwenyewe nianzie wapi?
*Mjukuu*

JIBU: Marahaba mjukuu. Umefanya la maana kuchomoa mapema, na nakuomba usiichomeke tena mpaka umeifungua na kuikagua. Mota imekufa kasemaje mtu ambaye hajaifungua? Dalili zako tatu zote zina sababu za kawaida kabisa. Kusaga mara nyingi ni beringi zimekauka grisi, harufu inaweza kuwa vumbi na mafuta ya zamani yanapata joto, na cheche ni kaboni (vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka) na komyuteta (shaba vinapogusa) chafu. Kusuka upya ni neno la mwisho sio la kwanza, na inaniuma sana nikiona mashine nzima ya chuma inatupwa kwa sababu ya vipande viwili vya kaboni vilivyoisha.

Elewa kwanza unachofungua. Mota ya vakyumu ni ya aina moja na ya drili au blenda, umeme unaingia kwenye koili za pembeni, unapita kaboni ya kwanza, unaingia komyuteta (ile shaba ya duara iliyokatwa vipande vipande mwishoni mwa rota, yaani sehemu inayozunguka), unazunguka kwenye waya za rota alafu unatokea kaboni ya pili. Njia ni moja tu, imefuatana, kwa hiyo sehemu moja ikiwa chafu au haigusi vizuri mota nzima inalalamika.

Chomoa plagi, toka nje penye hewa, vaa barakoa, sababu hilo vumbi la ndani ni la miaka mingi na limechanganyika na unga wa kaboni. Toa kwa brashi laini. Ukikuta kitambaa au ubao mweupe wa nyuzinyuzi karibu na mota usiukwangue wala kuupuliza, vifaa vya umeme vya zamani vingine viliwekewa asbestosi, hapo simama umpe anayejua kushughulika nayo. Piga picha kila hatua kabla hujatoa waya wowote. Nati ya feni nayo ina mtego, kwenye mashine nyingine nyuzi zake zimegeuzwa, yaani unafungua kwa kuzungusha upande wa saa, so ikigoma usiongeze nguvu, jaribu upande mwingine kwanza maana ukikata nyuzi za shafti hapo ndo kazi inakuwa ngumu kweli.

Sasa kaboni. Kabla ya kuzitoa weka alama ipi ya kushoto ipi ya kulia na upande gani ulikuwa juu, kwa sababu zimeshajichonga kufuata duara la shaba na ukizirudisha kinyume zitagusa nusu nusu na cheche zitaongezeka. Kama imebaki chini ya milimita 6 hivi, au imevunjika kona, au springi imelegea na kubadilika rangi kwa joto, badilisha zote mbili kwa pamoja. Usipopata saizi yenyewe chukua kubwa kidogo uisugue kwenye msasa mpaka iteleze ndani ya nyumba yake bila kukwama na bila kuchezacheza. Mara nyingi sana nimekuta kaboni bado ndefu ila imekwama tu kwa uchafu, haishuki, na mota ikahukumiwa kufa kwa hilo.

Komyuteta ndo moyo wa hii kazi na ndo watu wengi wanapoiharibu. Shaba ikiwa na rangi ya kahawia kama chokoleti, laini, inang'aa, hiyo ni nzuri, iache, hicho kitando ndo kinachofanya kaboni iteleze vizuri. Ikiwa nyeusi, ina masizi au mistari, futa kwanza kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti kidogo. Kidogo tu! Waya za mota za zamani nyingine zilipakwa shelaki, aina ya vanishi, na spiriti inayeyusha shelaki, ukimwaga kwenye koili umejitengenezea shoti mwenyewe. Ikibaki chafu tumia msasa laini wa 600 huku unazungusha rota kwa mkono, usitumie stilwulu kabisa maana vinyuzi vyake ni chuma, vinaingia katikati ya vipande na kuviunganisha. Alafu safisha ile mifereji kati ya shaba na shaba kwa kijiti cha mbao, unga wa kaboni ukijaa mle umeme unaruka kutoka kipande hadi kipande. Angalia pia maika, yaani kihami kilicho ndani ya mfereji, iwe chini ya uso wa shaba, ikiwa imelingana au imepanda juu inarusha kaboni na cheche haziishi hata uweke kaboni mpya kila mwezi, hiyo inabidi ichongwe chini na mtu mwenye mkono mtulivu.

Usioshe mota kwa petroli. Inakula vanishi na mvuke wake kwenye mashine yenye cheche ni hatari ya moto. Zile spray za kulegeza kutu nazo sio grisi.

Beringi zungusha kwa kidole. Ikikwaruza au ikicheza toa, soma namba ubavuni, kwa mfano 608 ina tundu la milimita 8, nje 22, unene 7, na bado zinatengenezwa mpaka leo. Chukua ya kifuniko cha chuma yenye ZZ, ya mpira inaweza kubana kwenye mwendo mkali kama wa vakyumu. Ukiiingiza kwenye shafti sukuma duara la ndani, ukiiingiza kwenye nyumba yake sukuma la nje, ukikosea hapo unaiumiza beringi kabla haijafanya kazi. Kama yako haina beringi ila ina bushi ya shaba na kipande cha felti, weka matone machache ya mafuta mepesi ya mashine kwenye felti basi, mafuta ya kupikia hapana, yanaganda. Na yasifike kwenye komyuteta.

Kabla ya kufunga pima. Kwa mita, ohm kati ya kipande na kipande cha jirani kwenye komyuteta zinatakiwa zifanane duara zima, ni ndogo sana kwa hiyo angalia tofauti tu, ukikuta sehemu moja imeruka ghafla hapo ndo waya umekatika au umepiga shoti na sasa yule fundi wa kusuka ana haki. Kutoka shaba kwenda kwenye chuma cha rota kusiwe na njia kabisa. Mita ya kawaida haitoshi kwa usalama, tafuta mwenye mega (kipimo cha uhami wa waya) apime kwa volti 500 kati ya waya na bodi, isipofika megaohm 1 usiitumie. Waya wa nje wa mpira uliopasuka badilisha, na kile kikapasita cha kuzuia kelele za redio kitoe uweke kipya cha daraja la X2 kama kiko kati ya nyaya mbili za umeme, au Y2 kama kinaenda kwenye bodi.

Kuwasha mara ya kwanza weka balbu ya zamani ya waya, wati 100, kwenye mfululizo na mota, sio LED. Mota itazunguka polepole, kama kuna shoti balbu inabeba mzigo badala ya mashine, na kaboni mpya zinapata mda wa kujichonga. Feni iwe imeshafungwa kwenye shafti. Mota ya aina hii ikikosa mzigo ikapewa umeme kamili inaongeza kasi bila breki hadi rota inaweza kupasuka, hapa siongei kukutisha. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka shaba yote kama pete, zima, rudi kwenye mita.

SWALI: Fundi nikiziba bomba kwa mkono mota inapiga kelele kali zaidi. Inazidiwa?
*Mama Usafi*

JIBU: Hapana mama, ni kinyume. Hewa isipopita feni haina cha kusukuma, mzigo unapungua na mota inakimbia zaidi huku inakula umeme kidogo. Tatizo ni kwamba kwenye nyingi hiyo hewa ndo inapoza mota, so usiiache imezibwa mda mrefu, na mfuko ukijaa badilisha.

SWALI: Yangu imeandikwa 110-120V AC/DC, kwetu umeme ni 230. Transfoma itafaa hata kama hatizi (mara umeme unavyobadilika kwa sekunde) zinatofautiana?
*Msomaji*

JIBU: Transfoma itafaa, na hatizi usihangaike nazo, mota ya kaboni inakubali hatizi 50 au 60 na hata DC. Ila usiichomeke moja kwa moja hata kwa kujaribu, volti zikiwa mara mbili nguvu inayopita inakaribia mara nne. Chukua transfoma yenye wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye kibao, mota ikianza inavuta umeme mwingi kwa mda mfupi, na ubandike karatasi kwenye plagi iandikwe 110 TU ili mwingine nyumbani asiichomeke ukutani.