Wakimbiaji wawili besi moja: kwa nini mwamuzi alimtoa asiyestahili kutoka

Kocha, pole na hiyo mechi ya softboli. Kwa jinsi ulivyoeleza, mwamuzi alimtoa mchezaji asiyestahili. Nirudie tukio lako kwa ufupi ili wadau wengine wasipotee: wasichana wako walikuwa besi ya kwanza na ya pili, bado hakuna auti, yaani hakuna aliyetolewa. Mpigaji akapiga mpira wa chini, unaobiringika ardhini. Wa besi ya pili akaganda pale pale, wa besi ya kwanza akaja mbio, wakajikuta wote wawili wamesimama besi ya pili. Mlinzi akawagusa wote kwa mpira. Mwamuzi akaamua kwamba wa mbele ndiye mwenye besi, wa nyuma akatolewa.

"Aliyetangulia ndiye mwenye besi" ni kanuni ya kweli, na karibu kila mtu anayejua softboli kidogo ameikariri. Ila inafanya kazi pale tu ambapo hakuna anayelazimika kusonga. Mpira wa chini ukishapigwa, mpigaji amekuwa mkimbiaji na besi ya kwanza ni yake. Aliyekuwa pale hana budi kuondoka kwenda ya pili, naye wa ya pili hana budi kwenda ya tatu. Tangu hapo haki yake juu ya besi ya pili imekwisha, hata akiikanyaga kwa miguu yote miwili. Akiguswa, yeye ndiye auti. Wa nyuma amefika anakotakiwa kufika, yuko salama.

Lakini kuna jambo moja hukulitaja, na ndilo linaloamua kila kitu: mpigaji wako alikuwa wapi wakati huo? Kama mpira ulirushwa kwanza besi ya kwanza akatolewa, halafu ukarudishwa besi ya pili wakaguswa wale wawili, basi ulazima ulikuwa umeshaondoka. Hakuna tena anayesukumwa kutoka nyuma. Hapo wa mbele anarudishiwa haki yake, wa nyuma ni auti, na mwamuzi wenu atakuwa alisema sawasawa. Wachezaji ni wale wale, besi ni ile ile, ila jibu limegeuka kwa sababu ya mpangilio wa matukio. Ndiyo maana mimi huwa siwasikilizi wanaoanza na "wote walikuwa kwenye besi". Nataka kujua nini kilitangulia.

Mfano maarufu ni wa besiboli, ambayo kwa hili kanuni yake haitofautiani na yetu. Tarehe 15 Agosti 1926, huko Brooklyn, Babe Herman alipiga mpira mrefu besi zote zikiwa na watu. Aliyekuwa besi ya tatu akaingia homu, besi ya mwisho ambako bao hupatikana. Dazzy Vance, aliyetoka ya pili, akapita ya tatu, akasita, akarudi. Chick Fewster, aliyetoka ya kwanza, naye akafika ya tatu, na Herman akaja mbio nyuma yake bila kutazama mbele. Watu watatu, besi moja! Vance ndiye aliyebaki salama, kwa sababu alikuwa ameshafika besi aliyolazimika kuifikia na hakuna aliyekuwa akimsukuma kwenda homu. Wengine wawili wakatoka, Herman kwa kumpita mwenzake aliyekuwa mbele.

Sasa kuhusu ishara ya mwamuzi. Katika mechi za vyuo nilizochezesha, mara nyingi tunakuwa wawili, siku nyingine mmoja, na besi ziko mita 18.29 kutoka moja hadi nyingine. Kabla ya kila mrusho najikumbusha: auti ngapi, nani atalazimika mpira ukipigwa chini. Na wakimbiaji wawili wakikutana, namnyooshea kidole anayetoka na kusema kwa sauti: "Wa mbele auti! Wa nyuma salama!" Nimeshuhudia mwamuzi akiinua ngumi tu. Wasichana wote wawili wakadhani wametolewa, wakaondoka, na yule aliyekuwa salama akaguswa akiwa nje ya besi. Kwa kanuni ni auti, kwa sababu mpira ulikuwa bado hai. Iliniuma sana kumwangalia yule binti. Wafundishe wako wasiiache besi mpaka wasikie nani ametajwa.

Ugomvi mwingine unaotokana na kusahau ulazima ni ule wa mpira wa juu. Mwamuzi akitangaza kwamba mpigaji ni auti kwa mpira mwepesi wa juu ndani ya uwanja wa besi, ulazima umeondoka hapo hapo. Mlinzi akiudondosha na mkimbiaji akaamua kwenda ya tatu, mlinzi kukanyaga besi hakutoshi, lazima mkimbiaji aguswe.

Kuna na hili, ambalo makocha hulikataa kabisa: auti moja, watu besi ya kwanza na ya tatu, mpira wa juu unadakwa. Wa besi ya tatu anasubiri vizuri kisha anaingia homu. Wa besi ya kwanza aliondoka mapema, kabla mpira haujadakwa; mpira unarudishwa besi ya kwanza, auti ya tatu. Je, bao linahesabiwa? Ndiyo, mradi mguu wake uligusa homu kabla mpira haujafika besi ya kwanza. Kumtoa aliyeondoka mapema kunafanana sana na kumtoa anayelazimika, lakini sivyo, kwa hiyo tunaangalia muda.

Siku nyingine tukio kama lako likitokea, omba muda, mwendee mwamuzi mwenyewe, wachezaji wabaki walipo. Usimwambie hakuona vizuri, maana alichokiona hakikatiwi rufaa. Muulize hivi: "Wakati wa mguso, mpigaji alikuwa ameshatolewa?" Akisema hapana na bado anamtoa wa nyuma, hilo ni kosa la kanuni, na hapo ndipo unatangaza kwamba unapinga. Lakini lazima utamke kabla ya mrusho unaofuata. Mrushaji akishaachia mpira, hata uwe na kitabu cha sheria mkononi, umechelewa.